Majina ya Matukio Yanayojirudia katika Ngano: Mapendekezo kwa Wakusanyaji wa Lubudi na Lualaba

1. Utangulizi

Lubudi ni mji ulio kwenye njia ya reli kati ya Tenke na Bukama, katika jimbo la Lualaba. Jimbo hilo lilizaliwa mwaka 2015, Katanga ya zamani ilipogawanywa, na makao yake makuu ni Kolwezi. Katika teritwari ya Lubudi wanaishi Wasanga na Waluba. Humo pia umo Bunkeya, mji wa Wayeke, ambao wazee wao walitoka pande za Unyamwezi na kujenga dola chini ya Msiri katika karne ya 19. Reli na kiwanda cha saruji viliwaleta watu wengine, wakiwamo Waluba wa Kasai. Kwa hiyo ngano zinazosimuliwa humo zimefika kwa njia nyingi na kwa lugha nyingi, na Kiswahili kimekuwa kikapu cha kuzibebea zote.

Mwanafunzi anayekwenda kukusanya ngano katika mji wa aina hii hukutana mapema na tatizo ambalo vitabu vya mbinu za utafiti hulitaja kwa ufupi mno. Kurekodi si kazi kubwa. Kazi ni kuamua jambo la kuandika juu ya kanda au faili, ili mtu mwingine aweze kujua kilichomo bila kuisikiliza yote. Mkusanyaji mmoja huandika "Kalulu". Mwingine huandika "Ujanja". Wa tatu hutumia neno la Kifaransa alilolikuta darasani. Inawezekana kabisa kwamba wote watatu wamerekodi tukio lilelile. Lakini atakayekuja baada ya miaka kumi kutafuta tukio hilo atapata kanda moja na kuzikosa mbili, naye atahitimisha kwamba ngano hiyo ni nadra katika Lualaba.

Hasara hiyo si ya makaratasi tu. Mwaka 1992 na 1993 familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Likasi na Kolwezi, na wasimulizi wao waliondoka pamoja nazo. Upanuzi wa migodi umeendelea kuhamisha mitaa na vijiji katika eneo la Kolwezi. Wazee nao hufariki. Mara nyingi rekodi ndiyo pekee iliyobaki, na rekodi isiyoweza kupatikana ni sawa na rekodi isiyokuwapo.

Makala haya yanajadili namna ya kuyapa majina ya Kiswahili yaliyo wazi matukio ya kawaida ya ngano. Hoja yake kuu ni kwamba jina lililo bora hutaja tendo linalofanyika katika ngano, wala halimtaji mhusika, halinakili kichwa cha hadithi ya kigeni, wala halitoi hukumu. Aidha, makala yanaonyesha kwamba mnyambuliko wa vitenzi vya Kiswahili ni hazina iliyo tayari kwa kazi hiyo.

2. Kinachopewa jina ni kipi?

Kabla ya kuchagua jina ni lazima kujua kitu kinachopewa jina. Katika tasnifu nyingi mambo manne huchanganywa.

La kwanza ni utanzu, yaani aina ya utungo kwa jumla: ngano, kitendawili, methali, utenzi. Makala ya M. M. Mulokozi juu ya tanzu za fasihi simulizi, yaliyochapishwa katika jarida la Mulika mwaka 1989, yaliweka msingi wa mjadala huu kwa Kiswahili kwa kutofautisha tanzu na vipera vyake. Wasimulizi wenyewe wana mgawanyo wao: Wabemba, kwa mfano, hutofautisha inshimi na imilumbe, na mgawanyo huo hauna budi kuheshimiwa.

La pili ni dhamira, yaani wazo ambalo ngano inalishughulikia: uchoyo, utii, uyatima. La tatu ni motifu, yaani tukio dogo linaloweza kutoka katika ngano moja na kuingia katika nyingine bila kuvunjika. La nne ni aina ya ngano, yaani mfuatano mzima wa matukio ambao husafiri pamoja.

Tofauti kati ya dhamira na motifu ndiyo inayosumbua zaidi. "Uchoyo" ni dhamira. Unaweza kuonekana katika ngano mia moja zisizofanana hata kidogo. "Kukwama mkono ndani ya chungu kwa kutotaka kuachia chakula" ni motifu. Ukiitaja, msikilizaji anaona picha. Orodha iliyojaa majina ya dhamira haimsaidii mtafutaji, kwa kuwa kila ngano inaweza kuwekwa chini ya karibu kila jina.

Wataalamu wa Ulaya na Marekani walikwisha kuhangaika na kazi hii kwa muda mrefu. Antti Aarne alitoa orodha yake ya aina za ngano huko Finland mwaka 1910; Stith Thompson akaipanua mwaka 1928 na tena mwaka 1961; Hans-Jörg Uther akaisahihisha upya mwaka 2004. Thompson pia alitoa faharasa ya motifu kati ya mwaka 1932 na 1936, ambamo herufi K ilitengewa hila za kila namna. Kwa upande wa Afrika ya Kati, Winifred Lambrecht aliwasilisha tasnifu ya faharasa ya aina za ngano katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1967. Namba za faharasa hizi zina faida kubwa, kwa sababu namba haina lugha. Hata hivyo namba pekee haitoshi. Msimulizi wa Lubudi hawezi kuulizwa kama anaijua namba 291.

3. Majina yanayopotosha

3.1 Jina la kichwa cha hadithi

Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London mkusanyo wa hadithi za Kiswahili alizozipata Unguja. Mojawapo inaitwa kisa cha punda wa dobi. Anayesoma kichwa hicho atatarajia habari za punda. Lakini kisa kinaanza na kima na papa waliokuwa marafiki: kima alikuwa juu ya mkuyu akimrushia papa matunda, papa akamwalika kwao, na katikati ya bahari akamwambia kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu kwamba moyo wake ameuacha mtini, nao warudi kuuchukua. Aliporudi mtini hakushuka tena. Papa alipomwita, kima alimsimulia habari za punda aliyeponea makucha ya simba, kisha akashawishiwa kurudi na kuuawa. Sungura akaula moyo na masikio yake, akasema kwamba punda huyo hakuwa navyo tangu mwanzo, maana angekuwa navyo asingerudi.

Kichwa cha hadithi kimetaja kisa cha ndani na kukiacha cha nje. Matukio haya mawili yana namba mbili katika faharasa ya kimataifa, 91 na 52, na yamefuatana tangu zamani sana: yamo pamoja katika Panchatantra ya Bara Hindi, na pia katika Kalila wa Dimna ya Kiarabu. Anayetafuta kima aliyeacha moyo mtini, akifuata vichwa peke yake, hatamwona. Kichwa ni mali ya msimulizi au ya mhariri na hakina budi kuhifadhiwa, lakini hakiwezi kufanya kazi ya jina la motifu.

3.2 Jina lililotafsiriwa

Katika mkusanyo huohuo imo hadithi ya Sultani Darai. Maskini mmoja, Hamdani, aliyeishi kwa kuchakura jaani, anaokota kijisarafu na kununua paa. Paa anapata almasi, anaipeleka kwa sultani na kumposea bwana wake, akidai kwamba bwana huyo ni Sultani Darai. Kisha anamuua nyoka mkubwa wa vichwa saba na kumpatia bwana wake jumba la nyoka. Paa anapougua, bwana anaagiza apewe uji wa mtama tu na hataki kwenda kumtazama. Paa anakufa. Mwishowe Hamdani anajikuta palepale jaani, akichakura kama zamani.

Wataalamu wameiweka hadithi hii katika kundi moja na ile ya Ufaransa iliyochapishwa na Charles Perrault mwaka 1697, ya paka aliyevaa buti na kumtajirisha bwana wake. Uhusiano huo ni wa kweli. Lakini mwanafunzi anayeiandikia hadithi ya Hamdani jina la "Paka mwenye Buti" ameandika jina ambalo halina kitu chochote kilichomo: hakuna paka, wala hakuna buti. Na kuna hasara iliyo kubwa zaidi. Kwa Perrault bwana anabaki tajiri. Katika hadithi ya Unguja utajiri unaondoka kwa sababu fadhila haikulipwa, na mwisho huo ndio unaoipa hadithi maana yake yote. Jina la kigeni limeuficha.

Mfano wa pili ni sanamu inayomnasa mwizi wa maji au wa mazao. Tukio hili linajulikana sana barani Afrika, na lilivuka bahari pamoja na watumwa. Joel Chandler Harris wa Marekani alilitia katika kitabu cha Uncle Remus kilichotoka mwishoni mwa mwaka 1880, ambamo sanamu imepakwa lami. Tangu hapo jina la "mtoto wa lami" limeenea katika vitabu vya kitaalamu, hata katika lebo ya namba 175. Mwanafunzi akilifasiri neno kwa neno, msimulizi wa kijijini atashangaa, kwa sababu lami anaijua ya barabarani. Kinachonasa katika ngano za Kiafrika aghalabu ni ulimbo, utomvu au nta. Neno "ulimbo" ni la wategaji wa ndege, nalo linaeleza tukio barabara.

3.3 Jina la mhusika

Jina la tatu linalopotosha ni lile la mhusika. Sungura wa pwani huitwa Kalulu katika Kibemba na katika lugha nyingine kadhaa za kusini ya Kongo na za Zambia. Kwa Waluba wa Kasai nafasi hiyo aghalabu ni ya Kabundi. Pwani, hila zilezile hupewa pia Abunuwasi, ambaye ni mtu. Katika mji kama Lubudi majina hayo yanaweza kusikika katika mtaa mmoja.

Mkusanyaji anayepanga rekodi zake kwa jina la mhusika atakuwa na sanduku la Kalulu, sanduku la Kabundi na sanduku la Abunuwasi. Ngano ileile itakaa katika masanduku matatu bila kukutana. Mbaya zaidi, masanduku hayo yataonekana kuwa ya makabila: hizi za hawa, na hizi za wale. Katika eneo ambalo watu walikwisha kutenganishwa kwa asili zao, mpango wa namna hiyo si jambo dogo. Unasema kwa ukimya kwamba majirani hawana kitu cha pamoja, hali ngano zenyewe zinashuhudia kinyume chake. Jina la tendo halina kabila.

3.4 Jina la hukumu

Jina la nne ni lile linalotoa hukumu. Neno la Kifaransa linalotumiwa kwa mhusika kama Kalulu humaanisha mdanganyifu. Kwa Kiswahili wengine huandika "mlaghai", wengine "mjanja", na baadhi ya vitabu vya Kenya hutumia "ayari". Maneno hayo hayalingani. Mlaghai amekwisha kuhukumiwa. Mjanja bado anaweza kusifiwa. Msikilizaji wa Kongo ana pia neno "mayele", lililoenea kutoka Kilingala, ambalo hubeba akili na ujanja kwa pamoja. Iwapo msimulizi hakuamua kama Kalulu ni mwovu au ni mwerevu, faharasa haina haki ya kuamua kwa niaba yake.

Hatari inaonekana zaidi katika ngano za mabinti wawili. Binti wa kwanza anatumwa mbali, njiani anakutana na bibi kizee mwenye vidonda anayeomba asuguliwe mgongo au aoshwe. Anafanya hivyo kwa upole na kurudi na zawadi. Binti wa pili anamkejeli bibi na kurudi na balaa. Si jambo la ajabu kuona bibi huyo ameandikwa katika tasnifu kuwa "mchawi", kwa sababu ni mzee, anaishi peke yake na ana uwezo usioelezeka. Msimulizi hakusema hivyo. Katika masimulizi mengi bibi huyo ndiye mtoa heri.

Nchini Kongo neno hilo si pambo la fasihi. Kifungu cha 41 cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 kinakataza kumshutumu mtoto kwa uchawi, na sheria ya kumlinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 imeweka adhabu kwa kosa hilo. Katazo liliandikwa kwa sababu watoto walikuwa wakifukuzwa nyumbani kwa shutuma hizo. Faharasa inayogawa neno "mchawi" kiholela kwa kila bibi na kila yatima wa ngano inafanya shutuma hiyo ionekane kuwa desturi ya kale yenye idhini ya wazee.

Inafaa kukumbuka kwamba hata faharasa ya kimataifa ilibadili jina la aina hii, namba 480. Katika toleo la mwaka 1961 jina lake kuu lilikuwa la wanawake wanaosokota nyuzi kisimani, picha ya Ulaya isiyokuwapo katika ngano nyingi za kundi hilo. Mwaka 2004 Uther alibakiza jina la mabinti wawili, mpole na asiye mpole. Picha ya mahali iliondolewa, na tofauti ya mwenendo ikabaki.

Methali nazo huvutia kama majina. Hadithi ya Sultani Darai ingeweza kuitwa "Fadhila za punda ni mateke". Lakini methali hutoa funzo, na msimulizi mwingine anaweza kutoa funzo jingine kutoka tukio lilelile. Tena methali ya pwani si lazima ijulikane Lubudi. Msimulizi akiitaja methali mwenyewe, iandikwe kama neno lake.

4. Hazina ya vitenzi

Mwaka 1928 Vladimir Propp alichapisha huko Leningrad uchambuzi wa ngano za Kirusi. Aliona kwamba majina ya wahusika hubadilika toka ngano hadi ngano, lakini matendo yao hayabadiliki kwa kiasi hicho. Alihesabu matendo ya msingi 31 na kuyapa majina yaliyo nomino za vitendo: kukatazwa, kukiuka katazo, kutoroka, na kadhalika. Denise Paulme, katika kitabu chake cha mwaka 1976 juu ya ngano za Kiafrika, naye aliangalia mwendo wa matukio: ngano inayopanda kutoka upungufu hadi kutosheka, inayoshuka, inayorudi ilipoanzia, na ile ya kioo, ambamo mtu wa pili hurudia safari ya wa kwanza kinyumenyume.

Katika Kifaransa, kila tendo la namna hiyo huhitaji nomino yake, na mara nyingi nomino hiyo ni ya kisomi. Kiswahili hakina shida hiyo. Kitenzi chenye kiambishi ku- ni kitenzi na ni nomino kwa wakati mmoja: kinaweza kuwa kiima cha sentensi, kinaweza kuchukua yambwa, na kinaweza kukanushwa. "Kutolipa fadhila" ni jina kamili.

Zaidi ya hayo kuna mnyambuliko. Mfano ulio wazi ni ngano ambamo mnyama mdogo anamwambia tembo kwamba atashindana naye kwa kuvuta kamba, akamwambia kiboko vivyo hivyo, kisha akawapa wawili hao ncha mbili za kamba moja. Hawaonani, kila mmoja anadhani anavutana na mdogo. Faharasa ya kimataifa imeiweka ngano hii chini ya namba 291 na kuieleza kwa maneno kadhaa. Kiswahili kina -vuta. Kikiongezwa kiambishi cha kutendana kinakuwa -vutana. Kikiongezwa cha kutendesha kinakuwa -vutanisha. "Kuvutanisha wakubwa": mtu wa tatu yumo, wawili wanaovutana wamo, na ukweli kwamba wamefanywa wavutane umo. Karibu ngano nzima imeingia katika kitenzi kimoja.

Kwa njia hiyohiyo majina yafuatayo yanapendekezwa:

(a) Kugombanisha marafiki: mtu wa tatu anapeleka maneno ya uongo kwa huyu na kwa yule hadi urafiki unavunjika.

(b) Kudai kuacha moyo nyumbani: mtekwa anajiokoa kwa kudai kwamba kitu kinachotakiwa hakuja nacho.

(c) Kunaswa na sanamu ya ulimbo: mwizi anaipiga sanamu isiyojibu salamu, akanaswa kiungo kimoja baada ya kingine.

(d) Kuwapanga ndugu njiani: asiye na mbio anashinda mashindano kwa kuwaweka ndugu wanaofanana naye kila kituo.

(e) Kuvunja agano la njaa: wawili wanaafikiana kuwatoa mama zao wakati wa njaa, mmoja anatimiza, mwingine anamficha wake.

(f) Kukosea kabla ya kupatia: shujaa anamuua mnyama baada ya mnyama, kila mara mkubwa zaidi, akidhani ndiye anayetafutwa. Ndivyo afanyavyo mwana wa sultani katika hadithi ya Nunda iliyomo katika mkusanyo wa Steere.

(g) Kumtetea mlaji: mwenye mamlaka anakataa kumwondoa mnyama wake anayewadhuru watu, hadi madhara yanapofika nyumbani kwake. Hiki ndicho chanzo cha hadithi hiyohiyo ya Nunda, ambaye alianza akiwa paka wa sultani.

(h) Kurudishwa mahali pa kwanza: aliyeinuliwa anapoteza vyote na kujikuta alipoanzia.

Mifano ya (f) na (g) inaonyesha jambo ambalo mkusanyaji asilisahau: ngano moja huweza kubeba motifu kadhaa. Sultani Darai huandikwa kwa majina matatu yanayofuatana: kumtajirisha bwana, kutolipa fadhila, kurudishwa mahali pa kwanza. Anayeyasoma majina hayo matatu amekwisha kuona mwendo wa hadithi, tofauti yake na ya Perrault, na sababu ya tofauti hiyo.

5. Pingamizi mbili

Huenda ikasemwa kwamba majina haya ni ya Kiswahili sanifu, na kwamba Lubudi huzungumzwa Kiswahili cha Katanga, chenye upatanisho wake wa kisarufi, msamiati wake na viambishi vya udogo vya ka- na tu-. Pingamizi hilo lina uzito. Lakini mnyambuliko haukuletwa na vitabu vya shule. Kiluba, Kisanga na Kibemba vina viambishi vyake vyenyewe vya kutendana na kutendesha, na msemaji wa lugha hizo hahitaji kufundishwa maana ya kuwagombanisha watu. Ni majina ya kisomi, kama vile "ulaghai wa kimuundo" au "uhusika hasi", yanayomfungia mlango. Pale ambapo neno la Katanga ni wazi kuliko la pwani, libaki katika maneno ya msimulizi, na neno sanifu liwe daraja la kuwafikia wasomaji wa Dar es Salaam, Nairobi na Unguja.

Pingamizi la pili ni kwamba kitenzi huweza kuwa kipana mno. "Kudanganya" ni tendo, lakini hakitofautishi chochote. Ngano za Kalulu zote zingeingia humo. Kwa hiyo kitenzi pekee hakitoshi pale kinapokuwa cha jumla. Kiongezewe kitu kimoja ambacho tukio haliwezi kufanyika bila hicho: moyo, ulimbo, agano, ndugu. Kikiongezewa vitu vitatu au vinne, jina limegeuka kuwa muhtasari, na litafaa ngano moja tu. Kipimo kizuri ni maneno mawili hadi manne.

6. Utaratibu unaopendekezwa

Kila ngano iwe na kadi yenye mistari minne. Mstari wa kwanza ni jina ambalo msimulizi mwenyewe ameipa ngano, katika lugha yake na bila kusahihishwa. Mstari wa pili ni majina ya matukio, kwa vitenzi vya ku-, kwa kufuata mpangilio wa ngano. Mstari wa tatu ni wahusika kama walivyotajwa: Kalulu abaki Kalulu, na Kabundi abaki Kabundi. Mstari wa nne ni namba ya kimataifa, pale inapojulikana kwa hakika. Isipojulikana, nafasi iachwe wazi kuliko kuijaza kwa kubahatisha.

Jina jipya la tukio lisikubaliwe kabla ya kupimwa mara mbili. Kwanza, lisomwe mbele ya msimulizi, ambaye ataombwa aseme ni ngano yake ipi inayohusika. Akitaja nyingine, jina lina kasoro. Pili, lisomwe mbele ya mtu asiyeijua ngano hiyo, ambaye ataombwa atoe ngano nyingine yenye tukio la namna hiyo. Asipoweza, huenda jina ni finyu mno. Akitoa ngano kumi zisizofanana, ni pana mno. Kipimo cha kwanza kinalinda uaminifu kwa msimulizi, na cha pili kinalinda manufaa kwa mtafutaji.

Mwisho, orodha ya majina iwe moja kwa wakusanyaji wote wa idara, na kila jina lifuatwe na maelezo ya mstari mmoja. Anayeona haja ya jina jipya aliandike katika orodha hiyo kabla ya kulitumia katika tasnifu. Kamusi ya Fasihi ya K. W. Wamitila, iliyotoka Nairobi mwaka 2003, imeonyesha kwamba istilahi za uhakiki zinaweza kufafanuliwa kwa Kiswahili bila kuegemea lugha nyingine katika kila sentensi. Kazi iliyobaki kwa upande wa ngano ni kushuka kutoka istilahi za nadharia hadi majina ya matukio yenyewe.

7. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba majina yanayotokana na vichwa, na tafsiri, na wahusika au na hukumu humpoteza mtafutaji, na wakati mwingine huwadhulumu waliosimulia na waliosimuliwa. Imeonyeshwa pia kwamba Kiswahili kina njia rahisi ya kutaja tendo na kuliacha wazi kwa tafsiri mbalimbali. Yapo matukio ambayo yatakataa kuingia katika vitenzi viwili au vitatu, na orodha iliyotolewa hapa ni ya kuanzia.

Hata hivyo kazi isisubiri orodha ikamilike. Kanda zilizokwisha kurekodiwa na wanafunzi wa Lubumbashi na Kolwezi zinaweza kuanza kuandikiwa kadi mara moja, hasa zile ambazo wasimulizi wake wangali hai na wanaweza kuulizwa. Kipimo cha kwanza kinamhitaji msimulizi. Akishaondoka, jina lolote litakaloandikwa litakuwa ni dhana ya msikilizaji, na hapatakuwa na mtu wa kulikataa.